Upindo

Daktari aliibandika picha kwenye kioo chenye taa:
ubongo wa kaka yangu, weusi kwa weupe,
kama kabichi iliyopasuliwa sokoni Kirumba
ili mnunuzi aone haina wadudu.
Na kweli, wadudu hawakuwamo.
Mama alitazama, akatazama tena, akauliza:
"Basi hao wanaosema, wamekaa wapi?"

Daktari Nyamizi hakucheka.
Alichukua kalamu, akaonyesha mbele huku,
nyuma ya paji la uso,
mkunjo mmoja kati ya mikunjo.
Watafiti, alisema, wamepima vichwa vingi.
Kwa wengi wasikiao sauti zisizo na mwenyewe
mkunjo huu huwa mfupi. Si kwa wote.
Pengine ndio unaotusaidia kutenga
lililotoka nje na lililozaliwa ndani.
"Mfupi kiasi gani?" niliuliza.
"Sentimita moja. Mbili. Hutofautiana."
"Na wake?"
"Picha moja haiwezi kulijibu hilo."

Mimi ni fundi cherehani. Makoroboi, kibaraza cha tatu
ukitokea kwenye mawe.
Sentimita moja naijua.
Ni upindo wa gauni. Ukiukosa,
uzi unaanza kuchomoka mmoja mmoja,
na mwenye nguo haoni,
wanaona walio nyuma yake.

Masalu hana mizimu. Niliambiwa anayo,
tukachinja mbuzi Misungwi, mweusi, wa deni,
na sauti zikamsimulia jinsi mbuzi alivyolia
miezi minne.

Ziko tatu. Moja ni ya dalali wa samaki,
hutaja bei za sangara, kisha humnadi yeye:
mia tano, mia tatu, hamsini, nani anamchukua?
Moja huhesabu hatua zake akipanda mawe ya Igogo kuja nyumbani,
na hupotea hesabu makusudi
ili ashuke akaanze upya.
Ya tatu huongea Kisukuma cha bibi, taratibu,
na hiyo, aliniambia siku moja kwa aibu,
dawa ikiiondoa, huwa anaikumbuka.

Nami nimewahi kuitwa.
Adhuhuri, cherehani inanguruma, mvua inakuja kutoka ziwani,
nikasikia wazi: "Kabula!"
Nikageuka. Hapakuwa na mtu
ila sanamu la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa.
Nikatabasamu, nikaendelea kushona.
Ni kile kitambo tu, kati ya kugeuka na kutabasamu,
ambacho kaka yangu hakupewa.

Kwa hiyo tulipatana. Kabla sijamsemesha
nagonga mkasi mezani mara mbili,
ko, ko, kisha neno.
Lisilo na mkasi si langu.
Tukaishi hivyo tangu kiangazi hadi masika.
Alikula, alioga, alinitungia uzi sindanoni
maana macho yake ni mazima kuliko yangu.

Juzi alisimama mlangoni akitetemeka.
"Kabula, zimejifunza kugonga."

Sikuwa na la kusema. Na ningesema, angejuaje?
Akasogea, akaweka vidole viwili hapa, kooni,
kama apimaye shingo ya shati.
"Sema sasa."
"Masalu, chai inapoa."
Akasubiri. Mtetemo ukampanda vidoleni.
"Hii," akasema, "ina nyama."
Akakaa, akanywa.
Ilikuwa imepoa kweli.